Shati Jeupe Angani

Siku Vusi alipofariki, dada yake, Anti Busi, alifika kabla ya watu wote akafunika vioo. Hakuuliza mashuka yako wapi. Alifungua kabati, akafunika kioo cha chumbani, cha bafuni, hata kile kidogo cha kunyolea ndevu, kisha akazigeuza picha za ukutani zote zikatazama ukuta. Mwisho akaenda sebuleni akaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Mimi nilikuwa nimeshakalishwa kwenye godoro chumbani, blanketi mabegani, kama ilivyo desturi ya kwao kwa mke aliyefiwa, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Anti Busi akivutavuta pembe za kitambaa kile mpaka kioo cha televisheni kikapotea kabisa. Kila kinachoweza kurudisha sura ya mtu hufichwa mpaka marehemu azikwe. Nimeishi na watu hawa zaidi ya nusu ya umri wangu na nimekaa misiba yao mingi, kwa hiyo desturi hiyo naijua. Lakini sikuwahi kuitazama kama nilivyoitazama siku ile, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mume wangu enzi za ujana wetu: kuzuia kioo kisirudishe sura ya mtu.

Jioni binti yetu Nomvula akaja kukaa nami godoroni. Amezaliwa hapa Johannesburg; Kiswahili changu anakisikia chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, na kwa shangazi yake hujibu kwa Kizulu. Alikuwa na simu mkononi. Kanisa lilitaka ibada ya kumkumbuka baba yake siku ya Alhamisi, na vijana wa kanisani walimwomba alete video fupi, baba akiongea au akicheka, watu wamwone. Alikuwa ametafuta kwenye simu nzima. "Mama," akasema, "sauti yake ipo kila mahali. 'Sogea kidogo. Geukia kwenye mwanga.' Yeye mwenyewe hayumo. Kila mara ni yeye aliyeshika simu." Akanitazama. "Mtu aliyeshika kamera maisha yake yote, hatuna hata sehemu moja anayoonekana akitembea? Hata akiinua mkono tu?" Sikumjibu kuwa ipo, wala sikumjibu kuwa haipo. Nilivuta blanketi. Ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda, chini yangu kabisa, kulikuwa na kaseti moja ya video ya zamani, na Vusi hakutaka itazamwe. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, na katika siku hizo mbili mwaka mmoja ulinirudia wote, chumba kwa chumba.

Jinsi nilivyofika Johannesburg kutoka Morogoro ni habari nyingine, na sitaieleza hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na elimu ya darasa la saba, Kizulu cha kuombea maji tu, na mikono isiyoogopa sabuni. Studio iliyoniajiri ilikuwa mtaa wa Doornfontein, ghorofa ya tatu, juu ya mafundi makochi, hivyo kutwa nzima tulisikia nyundo zao chini ya miguu yetu. Kulikuwa na chumba cha wachoraji chenye madirisha makubwa, chumba cha wapaka rangi kilichonuka gundi na chai, na chumba cha kamera ambacho mlango wake ulifungwa daima. Walikuwa wakitengeneza filamu za katuni kwa mkono. Anayeona katuni leo hawezi kujua kazi iliyokuwamo. Mtu akitembea hatua moja kwenye filamu, huyo amechorwa mara nyingi, kila mara mguu umesogea kidogo tu, na kila mchoro uko kwenye karatasi yake angavu ya plastiki, ambayo sisi tuliiita seli. Wino mbele, rangi nyuma. Kazi ya kutwa ya wanawake wanne ilipita machoni kwa muda wa kupiga chafya. Seli zilikuwa ghali, zilitoka ng'ambo, na mwenye studio, mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Piet, hakuweza kuzinunua kila mara. Kwa hiyo zikishapigwa picha zilioshwa, zikachorewa tena. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nilisimama kwenye karai la zinki, nikawasugua watu, ng'ombe na vipande vya sabuni vyenye macho mpaka maji yakawa rangi ya matope, nikaanika plastiki tupu kwenye kamba kama nepi.

Vusi alikuwa mambo mawili pale studio, na hilo lilikuwa ajabu, kwa sababu kawaida mwandishi ni mwandishi na mpiga picha ni mpiga picha. Alipokuwa uhamishoni, enzi za ubaguzi wa rangi kwao, alipelekwa Ulaya ya mashariki kusomea ufundi wa mitambo, akaishia kwenye studio ya katuni kutengeneza kamera iliyoharibika. Alipomaliza kuitengeneza wakambakiza aiendeshe. Huko alijifunza kwamba anayekaa gizani na picha moja moja mwishowe huanza kutunga. Miaka aliyokaa kwetu Tanzania aliandika hadithi za kufundishia watu wazima kusoma, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi, ila alikivuta kidogo kama mtu anayepanda kilima. Aliporudi kwao hakukuwa na mtu aliyehitaji hadithi. Waliomhitaji ni wenye matangazo ya sabuni na ya unga. Aliyaandika matangazo hayo, kisha akaingia chumbani kuyapiga picha, na hakulalamika.

Alivaa nyeusi siku zote. Suruali nyeusi, fulana nyeusi ya shingo ndefu, koti jeusi la kazi, glavu nyeusi zilizokatwa ncha za vidole. Katika wapaka rangi alikuwapo Mama Dora wa Alexandra, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali na mkono mtulivu kuliko wote, na kila asubuhi Vusi alipopita alimuuliza, "Bra Vusi, leo kafa nani?"

"Bado, sisi," Vusi alimjibu, kwa neno lao la kumwita dada. "Nasubiri."

"Usinisubiri mimi. Nina deni la fanicha, siwezi kufa."

Mimi nilidhani ni mtu wa dini fulani, au mjane. Siku aliyonionyesha chumba cha kamera ndipo nikaelewa. Chumba hakikuwa na dirisha. Kuta, dari, hata swichi ya taa, vyote vilipakwa rangi nyeusi. Katikati palisimama nguzo ya chuma, na juu yake kamera iliyotazama chini kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Chini yake meza, taa mbili kali pembeni, na kioo kizito kilichofunguka kama kifuniko cha sanduku. Aliweka mandhari, akalaza seli juu yake, akashusha kioo kuzikandamiza, akakanyaga pedali. Kamera ikakohoa mara moja. Akainua kioo, akatoa seli ile, akaweka inayofuata. Picha moja. Nyingine. Nyingine. Nilikuwa nimejifunga kanga ya njano. Akanitazama, kisha akakitazama kioo. "Dada Rehema," akasema, "njoo usimame hapa uangalie chini." Nikaangalia. Juu ya shamba la mahindi lililochorwa, ndani ya kioo, niliiona kanga yangu ikielea. "Kioo hakijui kazi yake ni ipi," akasema. "Kinachukua chochote kinachoinama juu yake. Mchana hukitambui. Picha ya usiku haisamehe." Kisha akatoa koti lake la pili jeusi msumarini nyuma ya mlango akanipa. Lilinifika magotini. Tangu siku hiyo, karai langu lilipokuwa tupu, nilikaa kwenye kigoda mle gizani ndani ya koti la mwanamume, nikisikiliza kamera ikikohoa.

Mchana tulikula pamoja kwenye meza ndefu ya wapaka rangi, magazeti yametandikwa. Mkate, soseji ya polony, achari ya maembe iliyotudondokea vidoleni, na Ijumaa magwinya ya moto, ambayo mimi niliyaita maandazi na wao wakanicheka. Ilikuwa kwenye meza hiyo ndipo nilipoisikia hadithi yake kwa mara ya kwanza, kwa sababu aliwasimulia wapaka rangi kabla ya kumsimulia Bwana Piet. Bibi mmoja anaamriwa kuhama. Malori yamekuja, nyumba zinabomolewa, kila mtu abebe anachoweza. Bibi anabeba mlango wa nyumba yake. Anatembea nchi nzima na mlango mgongoni. Kila giza likiingia anausimamisha porini, anaufungua, anapita, anaufunga, ndipo analala, chini ya mbingu tupu.

"Kwa nini mlango?" Mama Dora akauliza. "Mimi ningebeba sufuria."

"Ungepika wapi?"

"Popote! Mawe matatu. Sasa mlango utaufungulia wapi?"

"Ndiyo hadithi yenyewe, sisi."

Mama Dora akatafuna kwa muda. Wanawake wengine walikuwa bado wanacheka. "Mama yangu alibeba mapazia," akasema. "Tulipohamishwa. Miaka yote tuliyokaa kule kwenye bati hatukupata dirisha la kuyatosha." Akafuta mikono kwenye gazeti. "Na mwisho wake?"

Vusi akamwambia mwisho. Bibi anafika kilima kisicho na mti wala nyumba. Anausimamisha mlango mara ya mwisho, anaketi, amechoka. Usiku mkubwa wa buluu umemfunika. Halafu mlango unabishwa hodi, kutoka upande wa pili. Bibi anainuka. Filamu imekwisha. Nyundo za makochi zikaanza tena, tukarudi kazini. Bwana Piet alikubali itengenezwe katikati ya matangazo, kwa sababu kulikuwa na watu wa ng'ambo walioitafuta filamu ya namna hiyo kutoka Afrika. Mama Dora alimpaka bibi yule kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakumruhusu mwingine amguse. Mandhari ya mwisho, ile mbingu ya buluu inayokaribia weusi, ilichorwa mara tatu kabla Vusi hajaridhika. Hakuwa amewahi kupiga picha kitu alichokiandika kwa moyo wake, na sijui kama tulifahamu wakati ule kwamba hatakipata kingine.

Aliniposa mle mle gizani, kati ya picha moja na nyingine, bila kuinua macho. "Rehema, kule kwenu Kiswahili nilikitumia kuombea chumvi, kuombea njia. Sasa nataka kuombea kitu kikubwa, na naogopa kukosea." Nikamwambia hajakosea bado. Akakanyaga pedali, kamera ikakohoa, akaendelea na kazi, maana hakuweza kuacha picha katikati. Taa zikipoa rangi hubadilika. Nilimsubiri amalize ng'ombe wote wa tangazo alilokuwa akilipiga ndipo nikamjibu.

Tulifunga ndoa asubuhi moja mwishoni mwa mwaka ule, kwenye ofisi ya serikali yenye viti vya plastiki. Shati alishonewa na Papa Célestin, fundi cherehani aliyekuwa amefika kutoka Lubumbashi na kukodi kona ya korido kwenye jengo letu la Hillbrow. Lilikuwa shati jeupe, jeupe la kuumiza macho, lenye kola ya kusimama, na Papa Célestin alikataa lipigwe pasi na mtu mwingine. "Kola kama hii hapa Joburg haiko," alisema, "utaionaka kwa maministre tu," yaani mawaziri. Tulipotoka ofisini hatukwenda kula. Maabara iliyosafisha filamu ilikuwa inafunga kwa sikukuu, na kipande cha mwisho, kile cha kilima na hodi, kilikuwa hakijapigwa. Bwana Piet alisema ama leo ama mwaka mwingine, na watu wa ng'ambo hawangesubiri mwaka mwingine. Basi tukaenda kazini na nguo zetu za harusi. Wanawake walitupokea ngazini kwa vigelegele. Mama Dora alinifunga karatasi ya plastiki juu ya gauni na kunirushia punje za mchele kutoka kwenye chakula chake mwenyewe. Watu walikuwa wanaimba, mafundi makochi wamepanda kutoka chini wanacheza na nyundo mikononi. Katikati ya kelele hizo Vusi aliingia chumba cha kamera, akawasha taa zake, akaanza.

Kawaida seli hazioshwi mpaka filamu irudi kutoka maabara na itazamwe ukutani. Hiyo ilikuwa sheria ya Vusi. Lakini siku ile plastiki zilikuwa zimekwisha, na tangazo la unga lilikuwa linasubiri, kwa hiyo Bwana Piet aliagiza zioshwe zinapotoka. Mlango wa chumba cha kamera uliachwa wazi kidogo ili sinia zipite. Vusi alinipa sinia ya bibi aliyekwisha kupigwa picha, nikamwingiza majini. Nakumbuka joto la maji, na wimbo, na kwamba kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye karai niliuona ule ufa wa mlango. Koti jeusi lilikuwa limening'inia msumarini nyuma ya mlango. Hakuna aliyelikumbuka, si yeye wala sisi wote.

Filamu ilirudi. Bwana Piet alivuta mapazia, tukakaa kwenye meza ya chakula, mashine ikaanza kuvuma. Kilima kikaja. Bibi akausimamisha mlango wake. Na juu yake, katika ile buluu iliyochorwa mara tatu, kulikuwa na kitu cheupe. Hakikuwa na sura iliyokamilika. Kilikuwa kama moshi wenye mabega. Kilitetemeka, kiliinama, kiliinuka. Vusi alisimama. Alitembea mpaka ukutani, akaweka mkono juu ya mbingu, na ile nyeupe ikacheza juu ya glavu yake. "Shati," akasema. Akasema tena, "Shati langu."

"Hakuna atakayeona," akasema Bwana Piet.

"Mimi nimeona."

"Wewe ni mmoja."

"Tupake upya. Nipe wanawake wiki chache."

"Bibi ameshaoshwa, Vusi. Ni pipa la maji ya matope. Na wale watu wanaingia Jumatatu."

Vusi aligeuka akanitazama mimi, si kwa lawama. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama bado nipo. Mama Dora alisema atampaka bibi upya bila malipo, hata sikukuu, na alikuwa anamaanisha. Bwana Piet alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mzuri aliyeishiwa na muda. Filamu ikaenda ilivyo.

Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa Alexandra, wale wageni wamekaa mbele, nyuma wazee waliohamishwa kweli kwenye maisha yao, wamevaa makoti yao mazuri. Hodi ilipopigwa, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Taa zikawashwa, watu wakapiga makofi wamesimama. Mama mmoja katika wageni alishika kipaza sauti, machozi machoni, akasema jambo lililomgusa kuliko yote ni ile roho angani, babu wa bibi yule aliyeinama kumlinda, na akamwomba mwandishi aeleze alipataje wazo hilo. Watu wakaitikia, eeh, roho, tumeiona. Bwana Piet akageuka kwenye kiti akamtazama Vusi kwa macho ya kumsihi. Nilikuwa nimeshika mkono wa mume wangu. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuhitaji hata kudanganya; kuinamisha kichwa tu kungetosha. Alisimama akasema, "Si roho, mama. Ni shati langu. Siku ile nilioa nikasahau kuvaa koti." Wazee wa nyuma wakaanza kucheka, wakacheka kweli, mmoja akapaza sauti, "Hongera, bwana harusi!" Lakini yule mama alikaa chini taratibu, na wageni wakaangaliana.

Nje, karibu na gari, nilimsikia Bwana Piet akimuuliza, "Ungekufa kama ungenyamaza?" Vusi akafikiri kwanza, kama kawaida yake. "Kidogo," akasema. Filamu ya pili waliyokuwa wameizungumzia haikuja. Sijui kama ni kwa ajili ya shati. Watu wa ng'ambo wana sababu zao, na mimi sisemi nisichokijua. Najua tu kwamba tulipewa kaseti moja ya ile filamu, na Vusi aliiweka ndani ya sanduku na kunisihi, "Usimwonyeshe mtu. Ile mbingu ilikuwa nzuri, Rehema. Niliiharibu mwenyewe." Aliendelea na sabuni na unga. Baadaye kompyuta zikaja, wachoraji vijana wakakaa mbele yake, na nguzo ya kamera ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao waliikata vipande ili ipite mlangoni. Alikwenda kutazama. Alirudi na kile kioo kizito, akakifanya meza ya sebuleni. Miaka iliyobaki alipiga picha za vitambulisho, aliandika hadithi kwa penseli ambazo hazikuchorwa, na aliendelea kuvaa nyeusi, hata watoto wa jengo wakamwita Mchungaji.

Hayo ndiyo yaliyonirudia godoroni. Na hili pia: hospitalini, wiki ya mwisho, aliniuliza, "Ile kaseti bado unayo?" Nikasema ninayo. "Buluu yake imefifia?" Nikasema sijaitazama. Akafumba macho. Hakusema nionyeshe, hakusema nisionyeshe. Ningependa kuandika hapa kwamba aliniruhusu, ingekuwa rahisi kwangu, lakini hakuniruhusu. Aliuliza rangi tu.

Jumatano nilimwita Nomvula nikamwambia avute sanduku. Nilimweleza kilichomo na alichosema baba yake. Alikaa na kaseti mapajani, kisha akaenda nayo mjini kwa kijana mmoja anayehamisha kaseti za zamani kwenda kwenye flashi. Aliporudi alitaka kuitazama palepale, ili ajue kama inafaa kwa Alhamisi. Alinyoosha mkono kwenye kitambaa cha televisheni. Anti Busi alikuwa mlangoni na birika la chai.

"Hapana, mwanangu. Kioo hakifunuliwi kaka yangu akiwa bado mochwari."

"Anti, ni dakika chache. Ni baba mwenyewe."

"Ndiyo sababu." Akanigeukia. "Makoti, mwambie mtoto wako." Miaka yote hii bado ananiita makoti, bi harusi.

Nomvula alinitazama na macho yake yalikuwa yamevimba. Nilijua akiikosa Alhamisi, kanisa zima litaona picha ya kitambulisho iliyokuzwa, baba yake amekodoa macho kama mtuhumiwa. Nilitaka kumpa alichokitaka. Lakini nilimfikiria mtu aliyenivalisha koti lake ili kanga yangu isiingie kwenye shamba la watu wengine, nikaona kwamba kama kuna mtu duniani aliyestahili kioo kifunikwe mpaka kazi iishe, ni huyo. "Subiri azikwe," nikamwambia. "Halafu tutaona." Alilia kwa hasira, akalala nyuma yangu godoroni amenikumbatia. Alhamisi ikapita na ile picha ya kitambulisho.

Jumamosi tulimzika. Tuliporudi, karai la zinki lilikuwa getini, maji na vipande vya mshubiri ndani yake, kila mtu akanawa mikono kabla ya kuingia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wengine, maji yale yakanifika viganjani, na hakuna aliyeniharakisha. Watu wakala, wakaanza kuondoka, wakabaki wa nyumbani: Anti Busi, Nomvula, na Papa Célestin, mzee sasa, miwani imefungwa uzi, aliyekataa kwenda kwake. Anti Busi aliondoa shuka la bafuni, la chumbani, akazigeuza picha. Mwisho alisimama mbele ya televisheni, akakivua kitambaa yeye mwenyewe, akakikunja pande nne. "Haya," akasema. "Tumwone."

Buluu ilikuwa imefifia, lakini si sana. Ningemwambia hivyo. Kilima kikaja, bibi wa Mama Dora akautua mlango wake, na kile cheupe kikaja juu yake, kikitetemeka.

"Ni nini kile?" Anti Busi akanong'ona.

Papa Célestin alikuwa ameshasimama, pua yake karibu na kioo. "Kola!" akapiga kelele. "Mama Rehema, angalia ile kola! Ni miye nilishonaka ile! Voilà, imesimama vile vile!" Anti Busi akaziba mdomo kwa kile kitambaa akacheka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho.

Nomvula hakucheka. Alirudisha nyuma akatazama tena, na tena. Mimi nilikuwa sijakitazama kipande kile tangu Alexandra, na siku zile tulikitazama kwa aibu, yaani hatukukitazama. Sasa niliona. Kila picha aliipiga kwa wakati wake, moja, nyingine, nyingine; hivyo mchana wetu wote wa harusi umo mle, umebanwa kwenye pumzi chache. Shati linainama, linainuka. Juu ya kola kuna doa hafifu, na hilo ni uso wake. Na mpiga picha anapokanyaga pedali hutakiwa kutazama kioo. Yeye hakukitazama. Picha baada ya picha, doa lile linageukia pembeni, linarudi, linageuka tena upande uleule.

"Mama," Nomvula akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayekanyaga sakafu asiyoijua. "Baba anaangalia nini?"

"Mlango," nikamwambia. "Nilikuwa upande ule, naosha."